TUKUTANE PENYE KENGELE

Ndugu wanachama,

Halmashauri ya tawi letu imekata shauri juu ya jambo ambalo chama chetu hakijapata kulifanya. Tarehe 23 Agosti, saa kumi jioni, zamu ya asubuhi ikiisha kutoka, tutakutana Kisauni penye Kengele ya Frere Town, pamoja na wazee na majirani wa pale, kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Hakuna mgeni rasmi. Hakuna hema la wakubwa. Hatuombi ruhusa kwa mwajiri yeyote, maana ni wakati wetu wenyewe. Kila mtu aje na jamaa zake, na mwenye mzee nyumbani amlete.

Shauri hili halikupita bila maneno. Ndugu watatu katika Halmashauri walilikataa, na tangu habari ilipotoka tumepokea barua na maswali mengi. Twaona ni haki kuyajibu hapa mbele ya wote, maana chama si mali ya viongozi.

Swali la kwanza ni hili: "Chama cha wafanya kazi kinahusika nini na utumwa? Kazi ya chama ni mishahara."

Ndugu, tazameni maneno tunayoyatumia kila siku. Nani kati yetu hakuanza kwa kibarua? Neno lenyewe maana yake ni barua ndogo. Zamani, hapa pwani na kule Unguja, mtumwa alipopelekwa na bwana wake kufanya kazi ya siku kwa tajiri mwingine, kama kubeba mizigo mjini au kusafisha sandarusi, alipewa kijikaratasi cha kazi. Jioni alilipwa, akarudi kwa bwana wake na kumkabidhi fungu lake, mara nyingi nusu nzima ya kile alichopata kwa jasho. Huyo ndiye kibarua wa kwanza. Alifanya kazi ya mshahara, na mshahara haukuwa wake.

Tazameni neno la pili. Ofisi ikitaka kumfukuza mtu, humwandikia barua ya "utoro kazini." Mtoro alikuwa nani? Alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walitoka katika mashamba ya Malindi na Mombasa, wakaingia bara, wakafyeka msitu na kujenga vijiji vyao wenyewe. Fuladoyo ni kimoja, ambacho habari zake zilienea pwani nzima katika miaka ya 1880. Watu hao hawakungoja tangazo la mfalme wala la balozi. Walipoona kazi haina malipo wala mwisho, waliweka jembe chini wakaondoka. Sisi twasema hao ndio wagomaji wa kwanza wa pwani hii, nasi tumeachiwa jina lao kuwa kosa la kazi.

Na neno la tatu, muungwana. Leo twamwita hivyo mtu mwenye adabu. Zamani maana yake ilikuwa mtu asiye mtumwa. Yaani lugha ilikwisha kuamua kwamba adabu ni ya mwenye watumwa, na anayelima, anayepika na anayebeba hana adabu. Basi anayesema utumwa haumhusu mfanya kazi na atuambie: maneno haya matatu yalitoka wapi, kama si kazini?

Sasa tusimulie habari za Kengele yenyewe, kwa kuwa wengi wetu twapita hapo kila siku tukienda sokoni Kongowea, makondakta wanaita "Kengeleni!" nasi hatuinui hata macho.

Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kumtaka Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Sultani alikataa. Walipomtishia kuzuia bandari yake kwa manowari, alitia sahihi tarehe 5 Juni mwaka huo, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini majahazi yaliendelea kusafirisha watu kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zinawakamata watu hao baharini bila kuwa na mahali pa kuwaweka. Ndipo misheni ya CMS ikanunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mwaka 1875 mji ukaanza. Ukaitwa Frere Town kwa jina la Bwana Frere. Haukuitwa kwa jina la yeyote kati ya watu waliotolewa majahazini.

Watu hao walitoka mbali: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine. Pamoja nao walikuwako Waafrika waliokwisha kusomeshwa Nasik, kule India, wao pia wakiwa watumwa waliookolewa utotoni. Hao walikuwa mafundi na walimu. Kengele ilitundikwa juu ya nguzo za mawe zenye tao, ili watu wajue saa za ibada na, zaidi ya hapo, wajue hatari ikija. Maana wako waliotaka kuja kuwakamata tena. Kengele ilipolia usiku, mtu hakuuliza jirani yake ni kabila gani. Kila mtu alitoka.

Lakini tusidanganyane kwamba waliofika hapo walikuwa wamefika peponi. Mwaka 1881 maofisa wa Uingereza walilazimika kuchunguza mashitaka juu ya msimamizi wa mji huo, kwamba anawachapa viboko watu wale wale walioitwa huru. Kiboko kilikuwa kimebadili mkono tu.

Kuna siku nyingine ambayo twataka ikumbukwe tarehe 23. Ni tarehe 1 Januari 1889, kule Rabai. Watoro wengi walikuwa wamekimbilia misheni za pale, na wenye mashamba walitaka warudishiwe, hata ikakaribia kuwa vita. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa inaingia nchini ikaona mambo yake yataharibika. Ikachanga fedha pamoja na wengine, ikawalipa mabwana. Kisha watoro zaidi ya 1,400 wakakusanywa na kupewa hati za uhuru. Fikirini mkutano ule, ndugu. Watu zaidi ya elfu moja wamesimama juani, kila mmoja akingoja kuitwa jina lake. Walipokea karatasi kwa furaha, na nani angewalaumu? Lakini hesabu ilikuwa hivi: bwana alipata fedha, na aliyelima miaka kumi au ishirini bila senti alipata karatasi.

Hesabu hiyo ilirudiwa kila mahali. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi, lilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa. Watumwa hawakulipwa kitu. Deni lililokopwa kwa ajili hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015 tu, kutoka katika kodi za watu wa kawaida. Kule Unguja na Pemba, amri ya mwaka 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na akiisha kuupata aonyeshe kwamba ana makao na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe kuwa mzururaji. Mtu aliyenyimwa nyumba na mshahara maisha yake yote anaulizwa: nyumba yako iko wapi, na mshahara wako ni nini?

Hapa kwetu, katika pwani ya Kenya, utumwa ulikaa katika sheria mpaka mwaka 1907. Hapo tena fidia ikawekwa kwa wenye watumwa. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za mashamba ya pwani. Wenye kuweza kuleta madai yao mbele ya serikali waliandikiwa ardhi. Waliokuwa wakiilima ardhi hiyo kwa mikono yao wakaitwa maskwota, na wajukuu wao wengi wangali wakiitwa hivyo leo. Kila mara tukisikia trekta limebomoa nyumba za watu huku pwani, tukumbuke mwaka 1908.

Na mfanya kazi huyu huru alipata nini? Alipata sheria ya Mabwana na Watumishi, iliyotungwa mwaka 1906, iliyosema mtu akiacha kazi kabla ya mkataba kwisha ni mkosaji wa kufungwa jela. Kisha akapata kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kushika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akakivaa shingoni katika kikopo cha bati. Mtoro wa shamba la bwana akawa mtoro wa shamba la mlowezi. Jina moja, kosa moja, na polisi wa kumtafuta.

Ndiyo sababu twasema kwamba utumwa haukuisha siku moja kwa kalamu moja. Uliisha kidogo kidogo, na kila mara sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wafanya kazi wenyewe. Mwezi wa Januari 1947, zaidi ya wafanya kazi elfu kumi wa Mombasa, wa gati, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliweka kazi chini kwa pamoja. Walikutana uwanjani Kiembeni siku baada ya siku, wakasikiliza na kushauriana. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa kufungiwa mbali, huko Baringo, kwa muda wa miaka kama kumi. Wajukuu wa watumwa na wajukuu wa watu wa bara walisimama bega kwa bega pale Kiembeni. Chama chetu na vingine vyote vya pwani ni watoto wa mkutano ule.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo twalijibu kwa uangalifu: "Mtaamsha chuki. Katika chama wamo waliotoka kwa mabwana na wamo waliotoka kwa watumwa. Wamo Waislamu na Wakristo. Kwa nini kufukua kaburi?"

Ndugu waliouliza hivi si maadui wa chama. Wanaogopa kitu cha kweli. Lakini twawauliza: kaburi hilo limefungwa lini? Katika mkutano mmoja wa tawi letu, wanachama wawili waligombana juu ya zamu za usiku. Mmoja alipokosa hoja, alimwambia mwenziwe, "Wewe kaa kimya, babu yako alinunuliwa." Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka. Sisi tulioandika ukurasa huu tulikuwako, na hatukusimama kusema neno. Yule ndugu aliyetukanwa hakuja tena mkutanoni kwa muda wa miezi mitano. Alikuwa akilipa ada yake kwa mkono wa mtu mwingine.

Hiyo ndiyo chuki, ndugu, nayo iliamka yenyewe bila mkutano wa Kengele. Aibu ile ni yetu, na twaikiri hapa kwa maandishi. Mtu aliyenunuliwa hakufanya kosa. Kosa ni la kununua. Kama kuna wa kuinamisha kichwa, si mjukuu wa aliyelima bila malipo.

Wala hatuji kumhukumu mjukuu wa bwana. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi. Walikuwako waliokamata watu bara na kuwauza, waliowapitisha njiani, waliowakopesha wafanya biashara fedha, waliowalimisha karafuu na nafaka, na walionunua karafuu hizo na pembe za ndovu ng'ambo wakijua zimetoka wapi. Walikuwamo watu wa rangi nyingi na wa dini zaidi ya moja. Mtoto hafungwi kwa deni la babu. Lakini asikatae kwamba deni lilikuwako, wala asilitumie kumtukana aliyenyang'anywa. Hayo tu ndiyo twayaomba.

Swali la tatu: "Kwa nini tarehe 23 Agosti? Kwa nini si siku ya amri fulani ya Sultani au ya Waingereza?"

Kwa sababu hii. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Agosti 1791, watumwa wa mashamba ya miwa ya Saint-Domingue, nchi iitwayo leo Haiti, waliinuka wakaanza vita ambavyo mwaka 1804 viliwapa nchi yao wenyewe. UNESCO imeiweka siku hiyo kuwa ukumbusho wa dunia nzima, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1998. Ni tarehe iliyotokana na tendo la watumwa wenyewe. Hatutaki mkutano wa kushukuru waliotia sahihi.

Tena twataka mkutano wetu ufanane na ule wa Trinidad, katika visiwa vya Karibi. Tarehe 1 Agosti 1834, siku sheria ya Uingereza ilipoanza kazi kule, watu waliambiwa wamekuwa huru, lakini wale wa mashambani wataendelea kwa miaka sita kumfanyia kazi bwana yule yule hadi saa 45 kwa wiki bila mshahara, eti wanajifunza uhuru. Wakatoka mashambani wakaenda mjini, wengi wao wazee na wanawake, wasio na silaha, wakasimama mbele ya nyumba ya Gavana wakipiga kelele kwamba miaka sita hawaitaki. Wengine walichapwa na kufungwa. Lakini miaka sita haikutimia. Tarehe 1 Agosti 1838 mpango ule ulivunjwa. Trinidad na Tobago iliifanya tarehe 1 Agosti kuwa sikukuu ya taifa mwaka 1985, ikitangulia nchi nyingine huru. Walikusanyika kuuliza: malipo yetu yako wapi? Hilo ni swali la chama cha wafanya kazi.

Sasa, ndugu, tumefika penye maneno machungu. Ni rahisi kuwasema mabwana waliokufa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 30, inasema hakuna mtu atakayewekwa katika utumwa wala kulazimishwa kufanya kazi. Je, maneno hayo yamefika kila mahali?

Hayajafika kwa dada zetu wengi waliokwenda nchi za Ghuba kwa kazi za majumbani. Wengine wamepata waajiri wema, nasi hatukatai. Lakini wengine hunyang'anywa pasipoti mlangoni, na kwa mpango uitwao kafala hawawezi kubadili kazi bila idhini ya mwajiri. Saudi Arabia ilipolegeza sheria hiyo mwaka 2021, watumishi wa majumbani waliachwa nje. Mwanamke akikimbia nyumba ya namna hiyo, hushitakiwa kwa kutoroka. Tumerudi kwenye neno letu: mtoro. Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi ya kulazimishwa.

Wala tusitazame Ghuba peke yake. Tutazame jikoni kwetu. Wengi wetu tunaopigania saa za ziada kazini tunaye nyumbani msichana anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala wa mwisho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, kama inavyotupa sisi. Ni wangapi kati yetu wanampa? Ni wangapi wanasema, "Mshahara wake namwekea mimi," na mwisho wa mwaka hauonekani? Yule bwana wa zamani alichukua nusu ya kibarua. Tuangalie tusije tukachukua yote. Hatuwezi kwenda kwa mwajiri na mikono michafu tukidai haki tusiyoitoa nyumbani.

Kwa hiyo tutakapokutana penye Kengele, tutafanya mambo matatu, kisha tutakwenda zetu nyumbani kabla ya usiku kuingia.

Kwanza, wazee watasema wanayoyajua juu ya watu wao: walitoka wapi, walifikaje, walifanya kazi gani. Kila anayetaka atataja jina la mmoja wa mababu au mabibi zake, awe alikuwa mtumwa, mtoro, bwana au baharia. Vijana wa chama wataandika majina hayo katika daftari, nalo litawekwa ofisini ambapo mwanachama yeyote aweza kulisoma. Wasiojua majina waje vilevile. Utumwa ulifuta majina mengi, na kutolijua si aibu.

Pili, Halmashauri italeta azimio kwamba mwanachama atakayemtukana mwenziwe kwa asili yake ataitwa mbele ya tawi, awe mwanachama wa kawaida au kiongozi. Litapigiwa kura pale pale kwa kuinua mikono.

Tatu, kila mwanachama mwenye mfanya kazi nyumbani atatoa ahadi ya siku ya mapumziko na mshahara usiopungua ule wa sheria. Na familia yenye mtu wake taabuni ng'ambo itaandikisha habari zake, ili chama kiisaidie kupeleka malalamiko serikalini.

Kwa wale ndugu watatu waliokataa katika Halmashauri, twasema: njooni. Mkiona tumekosea, semeni pale pale, nasi tutasikiliza. Na kwa yule ndugu aliyekaa miezi mitano bila kuja, ambaye jina lake hatulitaji ila yeye mwenyewe anajijua: tunakuomba uje, usimame mbele pamoja nasi. Tulinyamaza siku ile. Safari hii hatutanyamaza.

Zamani Kengele ilipolia, watu hawakuulizana ni nani mzalia na ni nani mgeni, ni nani alinunuliwa kwa bei gani. Walitoka nje wote kwa sababu kila mmoja alijua kwamba jirani yake akikamatwa leo, kesho ni zamu yake. Hatujui mafundisho ya chama cha wafanya kazi yaliyo bora kuliko hayo.

Tarehe 23 Agosti, saa kumi jioni, Kengeleni. Umoja ni nguvu.